Nilivyohesabu Mifuko ya Akalla

Duka la binti yangu liko Rissne, hatua chache kutoka mlango wa stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Kiti changu kiko kati ya dirisha na magunia ya mchele. Nikikaa hapo namwona kila mtu anayepandishwa na ngazi za umeme: kwanza inatokea kofia, halafu uso, halafu alichobeba mkononi. Majina yao ninayo kichwani, yao na ya watoto wao, na ya wengine hata jina la kijiji walikozaliwa mama zao. Binti yangu amenikataza kuyaandika humu, anasema watu wa siku hizi hawapendi. Basi nitawataja bila majina, ingawa kwangu mimi ni kama kupakua wali bila kijiko.

Kuuza anauza yeye. Anapima, anakata, anapokea, anazungumza Kiswidi, lugha ya wenyeji wa huku, na wakaguzi wa chakula wanapokuja na vipimajoto vyao. Kazi yangu mimi ni kutazama. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, niliianza mwenyewe baada ya goti kunikatalia kubeba katoni.

Kutazama nilijifunzia sokoni Mwanza. Tulikimbilia huko kutoka Uganda nikiwa na mtoto mgongoni na darasa la tatu kichwani, na nikapewa nafasi kwenye meza moja na mwanamke Msukuma aliyeuza nyanya. Huyo mama kila asubuhi, kabla hajafungua tenga hata moja, alizunguka soko zima mikono mitupu. Alisalimia kila meza. Akirudi ananiambia, "Leo vitunguu ni vingi upande wa juu, wewe usiviweke mbele. Na kule kwa mwenye mchele kuna msiba, watu watataka majani ya chai." Hakuwa na redio wala hakujua kusoma, lakini nyanya zake hazikuoza mezani.

Kwa hiyo binti yangu alipokwenda kwenye kozi ya wenye biashara ndogo, ile ya manispaa, akarudi na makaratasi akaniambia, "Mama, tumefundishwa leo kwamba mwenye duka lazima achunguze mazingira ya biashara yake, washindani wake, wateja wake, mambo yanayobadilika," mimi nilimwuliza, "Na chai mlipewa?"

"Tulipewa kahawa na mkate wa mdalasini."

"Basi hukupoteza siku."

Alicheka, lakini yale makaratasi aliyasoma yote. Wasichana wangu wote ni wa kusoma.

Hapa Rissne kuzunguka mikono mitupu siwezi, barafu itanivunja. Mimi natumia salamu. Watu wetu, awe Mkenya, Mkongo au Mrundi, akiingia dukani lazima asimame asalimie, na salamu zetu hazina haraka. Namwuliza za nyumbani, namwuliza kama yule dada yake wa London amefika. Akisema amefika, najua Jumamosi ataondoka na chane nne za ndizi badala ya moja. Akisema mkwe amejifungua, namwambia binti yangu aagize unga wa uji. Watoto wanaotumwa dukani wananijibu Kiswidi, neno moja moja, lakini hata neno moja lina kitu ndani yake. Mtoto akisema bibi yake analala kwenye kitanda chake, nyumbani kuna wageni.

Sasa nieleze lililotupata mwezi wa pili, mwaka juzi.

Akalla, kitongoji kingine cha mji huu huu, kulikuwa kumefunguliwa duka jipya la vyakula vyetu. Kubwa, lenye rafu ndefu na friza za kufungua kwa juu. Sikuwahi kufika, lakini habari zake zilifika kwangu siku hiyo hiyo. Mwezi huo huo ikaja barua ya mwenye jengo letu. Mkataba wa duka ulikuwa unakwisha, alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, tunabaki miaka mitatu mingine au tunamwachia chumba chake. Na kulikuwa na jambo la tatu. Binti yangu alikuwa ameahidiwa kazi katika jiko la nyumba ya wazee, kazi ya kudumu, yenye likizo ya kiangazi. Tangu afungue duka hajapata kiangazi hata kimoja.

Aliniwekea ile barua mapajani kana kwamba nitaisoma.

"Mama," akasema, "wewe unawaona watu kuliko mimi. Mimi nikiinua kichwa nakuta mteja mmoja mbele yangu, sioni wasioingia. Niambie kama wanatuacha. Wakiwa wanatuacha, nakwenda jikoni kwa wazee. Wakiwa wapo, natia saini."

Nikamwambia anipe wiki mbili.

Lile duka la Akalla lilikuwa na mifuko yake, ya rangi ya chungwa, imeandikwa herufi nyeupe. Rangi ile hata mwenye mtoto wa jicho angeiona. Nikaona hapa nimepata kipimo. Nilichukua makopo mawili ya maziwa ya unga, moja nikajaza maharage, la pili nikaliacha tupu. Kila mfuko wa chungwa ulipotokea juu ya ngazi au kupita mbele ya dirisha, nilihamisha harage moja.

Siku ya kwanza nilihamisha tisa. Nikasema ni ugeni tu, watu wamekwenda kuona. Siku ya pili kumi na nne. Ilipofika Jumapili mchana nikaacha kula karanga ili mkono uwe huru. Niliwaona wote, mmoja mmoja, na kila mmoja nilimjua. Yule dereva wa basi kutoka Jinja, mtu ambaye nilimkandia mwanawe tumbo likiwa na gesi, huyo na mfuko wa chungwa! Yule mama Mkongo wa saluni, anayekuja kila mwezi kunisuka nywele bure, huyo na mifuko miwili! Wanapita mbele ya dirisha letu, wananipungia mkono, wanacheka, na mfuko unang'aa kwenye theluji kama taa ya gari.

Mimi nawapungia pia. Adabu ni adabu. Lakini moyoni nilikuwa nawasema.

Na dukani kweli kulikuwa kimya. Kulikuwa na barafu wiki ile, watu walitembea kama bata na kukimbilia nyumbani, lakini mimi barafu sikuihesabu. Nilikuwa nahesabu mifuko.

Wiki mbili zilipotimia, nilimwekea binti yangu kopo kwenye kaunta. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Alilitazama, akatia vidole, akayaacha maharage yadondoke.

"Yote haya?"

"Yote."

"Hata yule wa saluni?"

"Yeye ni mawili kila mara."

Hakulia wala hakulaumu mtu. Alichukua kitambaa akafuta mizani, akaifuta tena. Halafu akasema, "Ijumaa nitamjibu mwenye jengo. Afadhali tumejua." Siku iliyofuata hakuagiza bamia. Nilipomwuliza, alisema za nini. Nikakaa kwenye kiti changu nikitazama rafu zikianza kuwa na mapengo, na nikajiambia, wewe mzee, angalau hukumdanganya mtoto.

Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya hiyo Ijumaa, mlango ukalia kengele akaingia yule Mkongo wa saluni. Mifuko miwili ya chungwa, imevimba. Binti yangu alikuwa nyuma kwenye friza. Nikaona leo sinyamazi.

"Karibu, mgeni," nikamwambia.

"Mgeni? Mama, mimi ni mgeni tangu lini?"

"Nimesikia umehamia Akalla. Huko wamekosa nini hata umetukumbuka?"

Alisimama katikati ya duka, kofia inamdondokea machoni. "Akalla? Mi niende Akalla juu ya nini? Na magoti haya? Mama, uko na homa?"

"Mifuko hiyo imejileta yenyewe?"

Alitazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto, halafu akaanza kucheka kicheko kile chake kinachoanzia tumboni. Akaweka mfuko mmoja juu ya kaunta, pale pale karibu na mizani, akauinamisha. Yakamwagika mashuka. Mashuka, soksi, suruali za watoto, na gauni la kulalia ambalo alilirudisha ndani upesi.

"Niko natoka chumba cha kufulia cha jengo letu! Zamu yangu ilikuwa saa moja. Nguo zingine hazijakauka hata, shika uone. Bon, unataka kupima kilo ngapi?"

"Na mfuko uliupata wapi?"

"Si waligawa! Siku ya kufungua walikuja mpaka kanisani na maboksi. Na msikitini walipeleka, nasikia. Mitano mitano, bure. Mama, ni mifuko ya nguvu kabisa, mikono imeshonwa mara mbili. Mtu atupe?"

Nani angetupa? Sisi tutupe mfuko! Mimi mwenyewe nina mfuko wa plastiki niliosafiri nao kutoka Dar es Salaam, mpaka leo natunzia ndani yake vyeti vya marehemu mume wangu. Katika watu wetu wote wa hapa hakuna nyumba isiyo na mfuko mkubwa uliojaa mifuko midogo. Mtu akipata mfuko imara, ataubebea nguo, ataubebea sufuria ya msibani, ataubebea viazi mpaka utoboke chini, na ukitoboka atauweka chini ya chungu cha maua. Jambo hilo nalijua tangu nizaliwe. Nikalisahau kwa wiki mbili kwa sababu nilikuwa na kopo mkononi.

Yule mama alinunua kisamvu na samaki wa kukaushwa, akatoka anacheka, na nilijua kabla ya adhuhuri saluni nzima itakuwa inacheka.

Nilipofika nyumbani kwangu jioni hiyo nilifungua kabati ya chini ya sinki. Nikavuta mifuko yangu. Ya chungwa ilikuwa mitatu. Nikakumbuka: nilikwenda kusaidia kupika kwenye arusi, nikafungiwa pilau ya kurudi nayo.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia tu binti yangu, nimefikiri tena, tia saini. Lakini ningemtia kwenye kosa la pili, maana sikujua bado kama watu wapo au hawapo. Nilichojua ni kwamba sikujua.

Alhamisi sikukaa kwenye kiti. Nilivaa makoti mawili, nikafunga viatu vile vya misumari chini, vya kuzuia kuteleza kwenye barafu, nikaenda kusimama penyewe, pale ngazi zinapomtema mtu. Katika mfuko wa kulia wa koti niliweka maharage mekundu, ya walionunua Akalla, wa kushoto meupe, ya wasionunua, na kopo nikalitia kwapani. Kila aliyetokea na mfuko wa chungwa nilimsalimia kwa kirefu, kisha nikamwuliza bila kuficha, "Umebeba nini, mwanangu?"

Dereva wa basi alikuwa na viatu vya mpira na fulana zenye jasho. "Jjajja, bibi yangu, unanipekua kama polisi wa Entebbe!"

"Fungua, usinifiche."

"Harufu yake utaijutia," akasema, na kweli niliijutia. Harage jeupe.

Binti mmoja wa Kikenya anayesoma chuo alifungua wa kwake nikaona vitabu. "Shosho, ni za maktaba tu, lazima nirudishe leo." Jeupe. Mzee mmoja alikuwa na chupa na makopo matupu ya kwenda kurudisha dukani alipwe senti zake, yanalialia kama ng'ombe wenye kengele. Jeupe. Mwanamke wa Kirundi alikuwa na paka. Nilikaa kidogo nikifikiri paka ni wa rangi gani ya harage, nikampa jeupe.

Mekundu yalikuwepo pia, siwezi kusema hayakuwepo. La kwanza lilikuwa saa nane. Mama mmoja wa Bukoba, mpishi wa sherehe zetu karibu zote, aliponiona aliuhamishia mfuko nyuma ya koti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hizo ndizi mbona zinajificha, zinanionea haya?"

Alicheka huku akitazama viatu vyake. "Nisamehe, Bibi. Nimezitoa Akalla."

"Sikukamati. Nieleze tu. Zetu zina ubaya gani?"

"Hazina ubaya. Zenu ni tamu kuliko hizi. Lakini zenu zinafika Ijumaa jioni, na mimi sherehe ni Jumamosi saa saba mchana. Nina watu themanini. Alhamisi nakuwa nimeshaanza kumenya. Nimenye hewa, Bibi?"

Miaka yote ile nilimwona akija Ijumaa jioni, ananunua mafuta na chumvi na bizari, hanunui ndizi, na mimi nilidhani ana ndugu anayemletea. Kumbe alikuwa anapanda treni, anabadilishia stesheni ya Västra skogen, anakwenda kuzitafuta popote zinapopatikana mapema, hata kabla ya duka la Akalla kufunguliwa. Nilikuwa namwuliza habari za watoto wake wote wanne. Habari za ndizi sikumwuliza hata siku moja.

Saa kumi na moja vidole vilikuwa havinitii. Nikarudi dukani, nikasubiri binti yangu afunge mlango, nikamwaga kopo kwenye kaunta. Meupe yakatapakaa, mekundu yakaonekana hapa na pale.

"Nilikosea," nikamwambia. Na kumweleza mtoto uliyemzaa kwamba ulikosea si kazi nyepesi, hata akiwa na mvi zake. Nikamweleza yote, mashuka, viatu vya dereva, paka.

"Mama! Wiki mbili nzima ulikuwa unahesabu nguo za watu?"

"Nguo na chupa."

"Na mimi nimeacha kuagiza bamia kwa sababu ya soksi?"

"Na ya kwangu mitatu iko chini ya sinki."

Akakaa kwenye gunia. Nilidhani amekasirika, na alikuwa amekasirika, lakini kicheko kilimshinda nguvu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta macho akayatenga mekundu kwa kidole, yalikuwa kumi na moja, akaniuliza swali ambalo mimi ningepaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza.

"Hawa mekundu walifuata nini?"

Hapo kichwa changu kilifaa. Nilimtajia kumi na moja kwa majina, na alichobeba kila mmoja, naye akaandika. Wanane walifuata ndizi na majani mabichi, kwa sababu Akalla vinafika Jumatano. Mmoja alifuata mbuzi aliyekatwa vipande vidogo na mifupa yake. Wawili mpwa wao anafanya kazi kule.

"Hao wawili tuwaache," binti yangu akasema.

"Tuwaache. Damu ni damu."

Alimpigia simu saa ile ile yule anayetuletea ndizi. Nilimsikia yule bwana akiguna mpaka nje ya simu. Jumatano ana njia ya Skärholmen, upande mwingine wa mji, hawezi kugeuza lori, akina mama wana haraka ya nini. Binti yangu alimwacha agune mpaka akaishiwa, halafu akamwambia kwa upole idadi ya katoni. Bwana akairudia ile idadi. Kisha akasema Jumatano saa sita, asilaumiwe zikifika saa saba.

Tulibaki wawili na ile barua. Hakuitia saini mara moja. Alitazama nje, theluji ilikuwa imeanza tena, na najua alikuwa anafikiria lile jiko lenye likizo, na bahari ya kiangazi ambayo wenzake wanakwenda kuogelea.

"Miaka mitatu ni mingi, Mama," akasema. "Utakuwa na themanini na mbili."

"Nilidhani tunazungumza juu ya duka."

"Ndilo hilo hilo."

"Basi usinihesabie. Jihesabie wewe. Unapenda kuamka uje hapa au hupendi?"

Alifikiri kweli kweli, hakunijibu kunifurahisha. Akasema, "Napenda. Lakini mwezi wa saba tutafunga wiki mbili, na hakuna mtu wa kunishawishi."

"Funga tatu," nikasema.

Mikataba ya siku hizi haina kalamu. Alitia namba zake za siri kwenye simu, simu ikafikiri, ikakubali. Mimi nilitaka angalau mhuri. Alinichemshia chai yenye tangawizi, akaagiza bamia.

Ndizi za kwanza za Jumatano zilifika saa saba kasoro. Mpishi wa Bukoba alikuwa ameshasimama mlangoni na kigari chake cha magurudumu.

Jumatano ya tatu, au ya nne, aliingia mwanamke nisiyemjua, na si kawaida mimi kutomjua mtu. Wa rika langu, mtandio mzuri wa kijani, viatu vya misumari kama vyangu. Alisalimia vizuri. Akaenda kwenye ndizi, akabonyeza moja, akanusa. Akafungua friza, akafunga. Akasoma bei za dagaa kwa kuisogeza miwani. Hakuweka kitu kwenye kikapu.

"Unatafuta nini, dada yangu?" nikamwuliza.

"Natazama tu."

"Umetoka mbali?"

"Akalla. Mkwe wangu ana duka kule."

Binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye mizani. Mimi nilisogeza gunia moja kwa mguu, nikavuta stuli ya pili, nikaipangusa.

"Basi kaa," nikamwambia. "Ukiwa umesimama hapo huoni vizuri."

Alikaa. Binti yangu akaleta chai, na tukaanza kwa kuulizana tumetoka wapi na tulifika hapa mwaka gani.